Sampuli si Mbegu

Liko neno moja ambalo hospitali za Dar es Salaam hulitumia kila siku, na ambalo wasomi wa Kiswahili wameliacha lipite bila kulihoji. Neno lenyewe ni sampuli. Mwanamke atokaye Mbagala au Tandale, akiisha kuonekana kuwa ana uvimbe, hukatwa kinyama kidogo ili kipimwe. Ikiwa watafiti nao wanakitaka kinyama hicho, huletewa fomu ya ridhaa iliyoandikwa kwa Kiswahili. Huisoma au husomewa, kisha hutia sahihi au dole gumba. Katika fomu za namna hiyo ndimo yakaamo maneno haya: sampuli itachukuliwa, sampuli itahifadhiwa, sampuli yaweza kutumika katika utafiti wa baadaye. Mama huitikia kwa kichwa kuwa amefahamu, na aliyemletea fomu huridhika kuwa ameeleweka. Ukweli ni kwamba hapo hapana kilichoeleweka, na kosa si la mama wala si la uchache wa elimu yake. Kosa ni la neno.

Sampuli ni neno la sokoni. Katika soko la Tandale, ambako nafaka za bara hushushwa, mnunuzi hutia mkono katika gunia, hutoa gao la mchele, huutazama, huunusa, hutafuna punje mbili tatu, kisha zilizobaki huzirudisha guniani au huzitupa chini kuku wazidonoe. Hiyo ndiyo sampuli. Kazi yake ni kutoa habari za gunia. Ikiisha kuzitoa, imekwisha. Haina maisha yake yenyewe wala haina kesho. Aliyeombwa sampuli akatoa, ametoa kitu ambacho hatakikumbuka jioni.

Chembe za uvimbe haziko hivyo. Ili ubishi huu usiwe wa maneno matupu, yafaa kueleza ni nini hasa kinachofanywa katika maabara za leo, na kukieleza kwa lugha ambayo mama yule mwenyewe aweza kuifuata.

Kolajeni ndiyo protini iliyo nyingi kuliko zote katika mwili wa mtu na wa kila mnyama anyonyeshaye. Ndiyo nguvu ya ngozi, ya kano na ya mfupa. Umbo lake ni kamba ya nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja. Kila apikaye supu ya makongoro Temeke aijua kwa mikono yake, ingawa huenda hajapata kulisikia jina lake. Miguu ya ng'ombe ikichemka kwa saa nyingi, kamba zile hufumuka zikayeyuka katika maji. Supu ikilala ikapoa, asubuhi huwa imeganda hata sufuria likiinamishwa haimwagiki. Lakini hiyo ni kolajeni iliyokwisha kuharibiwa na moto. Ya maabara haichemshwi. Hutolewa katika kano kwa asidi hafifu, ile ile itiayo ukali katika siki, ikawekwa kwenye baridi, ikawa majimaji. Ukali wa asidi ukiisha kuondolewa, na majimaji yale yakatiwa katika joto la mwili wa mtu, yaani digrii 37, nyuzi hujisuka zenyewe, na katika muda wa nusu saa hivi huwa mgando mwangavu. Supu huganda kwa baridi, kolajeni ya maabara huganda kwa joto! Mpishi wa Mbagala akiambiwa hivyo atasimamisha mwiko na kuuliza sababu. Na aulizaye sababu amekwisha kuingia katika sayansi, tena kwa mlango wa mbele.

Ufundi wa kukuza chembe juu ya mgando huo si mpya. Robert Ehrmann na George Gey waliueleza mwaka 1956, wakitumia kolajeni itokayo katika mkia wa panya. Jina la Gey msomaji alishike, maana litarudi. Tangu hapo wataalamu wakaendelea kugundua kwamba chembe iliyotandazwa juu ya kioo kitupu haitabii kama chembe iliyozungukwa na kitu laini pande zote, kama ilivyo mwilini. Mwaka 1997 Mina Bissell na wenzake, huko California, walionyesha jambo lililowashangaza wengi: chembe za saratani ya titi zilizokaa katika mgando zilirudia mpangilio karibu na ule wa chembe zenye afya baada ya kuzibiwa njia moja tu ya kujishikiza na vilivyozizunguka, ijapokuwa hitilafu za ndani yake zilibaki vile vile. Kumbe ugonjwa haukai ndani ya chembe peke yake. Hukaa pia katika ujirani wake.

Hapo ndipo lilipozuka swali gumu zaidi. Ikiwa ujirani una neno, basi yapasa kujua jirani gani amefanya nini. Lakini chembe zilizochanganywa na kolajeni na kumiminwa ni kama mbegu za mchicha zilizotupwa ovyo: huota popote, na mtazamaji hawezi kusema ni ipi iliyomsonga mwenzake. Upana wa chembe moja ni kama sehemu moja au mbili za mia ya milimita. Haishikiki kwa kibano ikawekwa mahali. Zev Gartner na wenzake wa San Francisco walitangaza mwaka 2015 hila waliyoitumia. Kila chembe huvishwa katika ngozi yake vijinyuzi vifupi vya vinasaba. Vijinyuzi vingine, vinavyooana na vile kama ufunguo na kufuli, huchapwa juu ya kioo kwa nukta nukta. Chembe zikimwagwa, kila moja hunasa penye nukta yake. Juu ya hizo huletwa nyingine, tabaka juu ya tabaka. Kisha kolajeni humiminwa, huganda, vijinyuzi hukatwa, na mgando wote huinuliwa kutoka juu ya kioo na chembe zikiwa ndani yake, kila moja mahali pake. Baada ya hapo kazi ni kungoja na kutazama.

Kwa ufundi huo huo, kabla haujafikia ukamilifu huo, kikundi hicho kilikuwa kimekwisha kutoa mwaka 2012 habari ambayo ingefaa kusomwa hata na wasiohusika na tiba. Walichukua chembe za titi zisizo na saratani, wakazitia baadhi yake jeni iitwayo Ras ikiwa imewashwa kidogo. Chembe zenye jeni hiyo zilipokaa peke yao, zote zikiwa sawa, hapakuwa na kioja. Zilipochanganywa na jirani zisizo nayo, ndipo zilipoanza kusukumwa nje ya kundi, au kutangulia mbele kama kiranja na kuwakokota jirani wenye afya nyuma yao. Kiasi cha kasoro hakikuwa ndicho kilicholeta msukosuko. Ulikuwa ni utofauti kati ya jirani na jirani.

Wapo wasemao kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba mambo ya namna hii. Aya zilizotangulia zawatosha, na hapana haja ya kuwapotezea wino zaidi, isipokuwa kuwakumbusha kuwa TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na Kamusi ya Tiba mwaka 2003, ilhali mwanafunzi wa sekondari ya serikali angali anafundishwa biolojia kwa Kiingereza. Lugha haikukosa maneno. Waliokosa ni wa kuyatumia.

Wanaostahili kujibiwa ni watu wa kundi la pili, tena ni watu wa ndani ya nyumba: wafasiri na watunga istilahi. Hao hawakidharau Kiswahili, bali hukipenda. Walakini hudhani kuwa elimu hukaa katika nomino. Wakiletewa jambo jipya huorodhesha majina yake, wakayavika irabu mwishoni, wakatangaza kuwa kazi imekwisha. Kolajeni ni jina jema na halina ubaya. Seli nalo limekwisha kuzoeleka shuleni, na atakaye kulitumia badala ya chembe na alitumie. Lakini sayansi hukaa katika vitenzi. Chembe hunata, huambata, hutambaa, hujipenyeza, husongana, huchipua, hufa. Na vitenzi hivyo havihitaji kuazimwa popote. Aliyeyavika irabu majina hamsini bila kusema ni nani amfanyaye nani nini, hajafasiri hata mstari mmoja.

Mfano ulio dhahiri ni hiyo kazi ya kuziweka chembe mahali pake. Mfasiri wa kundi hilo ataiita upatenishaji, au upangiliaji ruwaza, akaenda zake. Wakulima wa mpunga wa Rufiji, ambao jamaa zao wamejaa Mbagala na Tandika, wana kitenzi kikongwe kinachofaa kuliko hivyo: kuatika. Aatikaye hupanda mbegu kwanza katika kitalu ziote, kisha huing'oa miche akaipeleka shambani. Chembe zile nazo huwekwa kwanza juu ya kioo, kisha huhamishwa pamoja na mgando wao. Neno limelikuta jambo likiwa limeketi linalingojea. Na tena neno hilo lina faida nyingine ambayo upatenishaji hauna, nayo ni kwamba lasema ukweli: kinachoatikwa ki hai, na kitaota.

Hapo ndipo sampuli inapofichuka kuwa ni neno lenye kudanganya, hata kama alitumiaye hakukusudia kudanganya. Mama ameombwa gao la mchele wa kutazamwa, kumbe kilichochukuliwa ni mbegu. Aombaye mbegu haombi kama aombaye mchele wa kupika, na apewaye ombi huyapima mawili hayo kwa mizani mbalimbali. Mchele ukitolewa umeliwa. Mbegu ikitolewa, mtoaji ana haki ya kuuliza itapandwa shamba gani, mavuno yatakuwa ya nani, na je, atapelekewa habari ikistawi?

Aonaye kwamba haya ni kuvuta neno kupita kadiri na atazame yaliyokwisha kutukia. Mwaka 1951, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Henrietta Lacks alikatwa kinyama katika uvimbe wa mlango wa kizazi. Kinyama hicho kilipelekwa kwa George Gey, yule yule wa mkia wa panya. Mama huyo alifariki mwaka huo huo. Chembe zake, zilizoitwa HeLa, hazikufariki. Zingali zikikuzwa duniani kote hata leo. Yeye hakuulizwa, na jamaa zake walipata habari baada ya miaka ishirini na zaidi. Ndani ya chembe hizo wenzake Harald zur Hausen, Mjerumani aliyepata Nishani ya Nobel mwaka 2008, walikuta aina ya 18 ya virusi vya papiloma, na utafiti wa virusi hivyo ndio uliozaa chanjo. Chanjo hiyo ndiyo wasichana wa Temeke na Kinondoni hudungwa tangu ilipoenezwa nchini Tanzania mwaka 2018, maana saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayowasumbua wanawake wa nchi hii kuliko saratani nyingine zote, na wengi wao hufika Ocean Road ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea. Basi hapana mtu wa Dar es Salaam awezaye kusema kuwa habari za mwanamke yule wa Baltimore hazimhusu. Wala hapana awezaye kusema kuwa utafiti wa chembe ni anasa ya matajiri. Utafiti na uendelee. Ubishi ni juu ya namna ya kuomba.

Karibu zaidi, mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, aliandika habari za uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Uganda. Vipande vya vivimbe hivyo vilipelekwa London kwa ndege, kwa Anthony Epstein, ambaye kwa muda mrefu alijaribu kuvikuza asifaulu. Mwisho wa mwaka 1963 ndege iliyobeba kipande kimoja ilizuiwa na ukungu ikateremka Manchester. Kipande kilipofika hatimaye, maji yake yalikuwa yamechafuka, na ilidhaniwa kuwa yameoza. Yalipotiwa chini ya darubini yalikutwa yamejaa chembe hai zinazoelea, zilizojitenga na kipande chenyewe. (Chembe za aina hiyo, za damu na tezi, hazihitaji kushikwa na mgando, huelea zenyewe. Za titi na za mlango wa kizazi si hodari hivyo, na ndiyo sababu ya kolajeni.) Katika chembe hizo ndimo virusi viitwavyo Epstein-Barr vilimoonekana, mwaka 1964. Baadaye katika miaka hiyo ya sitini maabara ya Stockholm iliotesha koo nyingine za chembe kutoka vivimbe vya watoto wa Afrika ya Mashariki. Mbili kati ya koo hizo zaitwa Daudi na Namalwa. Kiwanda cha dawa cha Uingereza kiliikuza Namalwa katika mapipa makubwa ili kupata dawa ya intaferoni. Majina hayo ya watoto yangalimo katika orodha za wauzao chembe, na mtafiti aweza kuyaagiza kama aagizavyo chupa za kioo. Punje iliyotafunwa katika soko la Tandale haifanyi hayo.

Zipo hoja tatu za kupinga, na zote zastahili kusikilizwa, ingawa hazina uzito sawa.

Ya kwanza ni ya lugha. Husemwa kuwa mbegu, mbele ya watu wazima, ina maana nyingine inayochekesha, na kuwa neno la kuchekesha halifai fomu ya mgonjwa. Ni kweli. Basi neno mbegu lisichapwe, likiwa linaudhi. Kinachodaiwa si jina bali kitenzi. Fomu isemayo kwamba chembe zitaoteshwa, zitakuzwa, zitaongezeka, imekwisha kusema mambo ya mbegu bila kuitaja.

Ya pili ni ya daktari. Foleni ni ndefu, wagonjwa wametoka Mbagala na Bunju alfajiri, na maelezo marefu huwachosha. Hoja hii yapendeza masikioni, lakini hupotea ikikaribiwa. Mgonjwa huyo huyo hukaa saa nne kwenye benchi akingoja. Muda upo, isipokuwa si wake.

Ya tatu ndiyo nzito. Mgonjwa wa saratani akiambiwa kwamba chembe zake zaweza kuishi baada yake, amekwisha kuambiwa habari ya kufa. Na katika desturi za pwani hapana mtu mwenye adabu amtajiaye mgonjwa kifo usoni pake. Wasemao hivyo husema kwa huruma, na huruma haibezwi. Hata hivyo wamesahau kuwa pwani hiyo hiyo ina neno la karne nyingi kwa kitu kitolewacho na mtu ili kiendelee kufaa watu baada yake. Neno hilo ni wakfu. Mtu huweka wakfu kisima, au minazi, au nyumba, huku akila na kutembea, wala jirani hawasemi kuwa amejitabiria mauti. Husema amefanya jambo la heri. Huko Unguja iko hata Kamisheni ya kusimamia mali za namna hiyo. Asiye Mwislamu naye aufahamu mwenendo huo, maana kijiji kizima hunywa maji ya kisima.

Tena wakfu una jambo ambalo sampuli haina, nalo ni sharti. Awekaye wakfu hutaja kazi ya kitu chake, na msimamizi hana ruhusa ya kukiuza wala kukigeuza kazi. Si kwamba hospitali zianze kuandika hati za wakfu kwa kila kinyama. Sheria za dini zina wenyewe, na si kila kitu huingia humo. Neno latajwa hapa ili kuonyesha kwamba mama wa Tandika si mtu asiyeweza kufahamu kitu kiishicho baada ya mwenyewe. Alikwisha kukifahamu kabla ya maabara. Aliyeshindwa kukifahamu ni aliyechukua neno la gunia la mchele akaliweka mahali pa neno hilo.

Fomu yaweza kuandikwa hivi: "Tunaomba kipande kidogo cha uvimbe wako. Chembe zilizomo zi hai. Tutaziatika katika maabara ziote na kuongezeka, ili tujifunze namna ugonjwa huu unavyoanza na unavyoenea. Zaweza kuendelea kuota kwa miaka mingi, hata baada ya maisha yako, na zaweza kupelekwa nchi nyingine. Zikiisha kugawanywa hatutaweza kuzirudisha zote. Una ruhusa kutaja kazi usiyotaka zifanyiwe. Ukikataa, matibabu yako hayatapungua." Atakayesema kuwa maneno hayo ni marefu mno kwa fomu na ayapime kwa saa: kuyasoma kwa sauti, polepole, hakumalizi dakika moja.